Msitu Usioguswa na Mkono wa Mtu

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, cheti changu cha ualimu kutoka Morogoro kimo kwenye mkoba, siku nilipofukuzwa darasani kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule ya msingi. Kosa langu ni kwamba niliingia. Mlango ulikuwa wazi, ndani nawaona wazungu wamekaa kwenye viti vya plastiki, mbele yao mama mtu mzima amesimama, kilemba cha kijani kichwani, miwani imefungwa kwa uzi mweusi. Nikaingia zangu nikasema bonjour. Yule mama alininyooshea kidole, halafu akakigeuza kile kidole kuelekea mlangoni.

“Toka,” akaniambia. “Ubishe hodi. Kiisha ungoje.”

Nikatoka. Nikabisha hodi. Nikaachwa kwenye ukumbi wa nje na ubaridi wa Februari, nasikia anawauliza wanafunzi wake kwa Kifaransa kama wanadhani huyu mgeni ameshajifunza. Hatimaye akaitikia karibu, na nilipoingia mara ya pili alinikumbatia kama ndugu aliyepotea miaka mingi. Ndivyo nilivyopata kazi ya kufundisha Kiswahili kila Jumamosi, na ndivyo nilivyompata Mwalimu. Jina lake nalijua, ila sikuwahi kumwita nalo na sitaanza leo. Wakongo wenzake walimwita maman, wanafunzi walimwita madame mpaka akawakataza, sisi wengine wote tukaishia kumwita Mwalimu. Yeye aliniita Tanzania, utadhani nchi nzima nimeibeba mimi.

Ilikuwa Schaerbeek, mtaa mmoja wa mji mkuu wa Ubelgiji, katikati ya miaka ya elfu mbili, kwenye chumba cha parokia ambacho siku za kawaida kilitumiwa na kwaya. Wanafunzi walikuwa wa kila aina: mapadre wastaafu waliotaka kukumbuka lugha, mabinti walioolewa na Wakongo, na wale wengi zaidi, watalii. Hao waliletwa na wakala mmoja wa safari kutoka Uccle, mtaa wa matajiri upande wa pili wa mji. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu kulala katikati ya msitu wa Kongo, mbali kule ng'ambo ya Kisangani, kwenye nyumba sita za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo kando ya mto. Hakuna barabara, hakuna simu, umeme wa jua, sabuni isiyodhuru samaki. Mtu akilipia safari, alipewa na masomo sita ya Kiswahili. Wakala alitaka wageni wake wajue kuagiza maji, kuagiza taa na kusema haraka. Mwalimu alitumia masomo manne ya kwanza kwa salamu peke yake.

Kulikuwa na bibi mmoja, mjane wa huko huko Uccle, aliyezaliwa Kongo enzi za ukoloni, baba yake akiwa na shamba la kahawa. Alikuja somo la kwanza akijitapa kwamba Kiswahili anacho tangu utotoni. Mwalimu akamwambia haya, tusikie. Bibi wa watu akasimama wima, akasema: lete, kwenda, pesi-pesi, funga mlango, wewe mujinga. Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwuliza kwa upole kabisa ni nani aliyemfundisha, na bibi akasema ni boi wa nyumbani kwao. Mwalimu akamwambia hapana, boi hakukufundisha hayo. Hayo ndiyo baba yako aliyokuwa akimwambia boi. Boi alikuwa na Kiswahili chake kingine, alikiacha nyumbani kwake kila asubuhi akija kazini. Bibi akawa mwekundu mpaka masikioni. Mimi nilijua huyo ndiyo basi, hatutamwona tena. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika, na daftari jipya.

Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Mwalimu alicheka kwa kifua, na alipenda vitu ambavyo ungeapa angevichukia. Habari za mfalme na malkia hakutaka hata kuzisikia, lakini majira ya mbio za baiskeli yakifika usimpigie simu. Alikaa mbele ya televisheni na bakuli la karanga, akiwahimiza vijana wa Kifulama, wale Wabelgiji wasiosema Kifaransa, kwa Kifulama kibovu alichokiokota sokoni. Aliwagombeza Wakongo wenzake kwamba wanachafua Kiswahili kwa Kifaransa, na karipio lenyewe lilianza na alors na kuishia na voilà. Nikimwonyesha hilo aliniambia mimi ni mbea.

Huruma ndiyo aliyoichukia kweli. Mtu akimpisha kiti kwenye tramu kwa sababu ya magoti yake, alikaa na kushukuru. Akimpisha kwa ule uso wa kumhurumia Mwafrika, alisimama mpaka kituo cha mwisho. Sijui alizitofautisha vipi hizo nyuso mbili, lakini sikumbuki akikosea. Akiulizwa ametokea wapi, alijibu Anderlecht, mtaa aliokuwa akiishi. Akiulizwa kabla ya hapo alikuwa wapi, alijibu Molenbeek. Aliyeng'ang'ania kuuliza zaidi alipewa anwani zote alizowahi kupanga, moja baada ya nyingine, mpaka mtu mwenyewe akashuka.

Kiswahili chake na changu viligombana kila wiki. Yeye alisema muntu na mutoto, mimi nikasema mtu na mtoto, na wanafunzi wakatugeukia kama watu wanaotazama tenisi, wanataka kujua yupi yuko sahihi. Siku moja padri mmoja mstaafu alithubutu kuuliza. Mwalimu akamjibu kwamba cha Tanzania ni cha redio na cha kwao ni cha kununulia kwanga, ule mkate wao wa muhogo, na kwamba redio hailiwi. Nikamwambia chetu ndicho cha vitabu. Akasema sawa, siku ukipata njaa utatafuna kitabu. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikiwemo.

Kila mwaka majani yalipoanza kuchipua alitupeleka msitu wa Soignes, pembeni mwa mji, kwa somo la vitendo. Ule msitu hakuupenda hata kidogo. Aliuliza ni pori gani hili ambalo miti imepangwa mistari kama askari wanaosubiri kukaguliwa. Lakini humo ndimo alimotufundisha jambo ambalo sijalisikia kwa mwalimu mwingine yeyote, namna ya kumwona mtu asiyekuwepo. Alisema msitu wa kwao unaweza kutembea kutwa nzima usione chochote ila miti. Sasa ukikuta michikichi, ambayo yeye aliita mingazi, imesimama mitatu minne pamoja, na karibu yake kuna msafu, mti wa matunda ya safu, unaozaa, hapo simama uvue kofia. Mngazi hauji wenyewe katikati ya msitu mkubwa ukakaa na wenzake. Kuna mama aliyetaka mafuta yawe karibu na jiko lake. Kuna mtu alikula akatupa kokwa uani. Nyumba ya fito na udongo ikiachwa inaoza, miaka michache tu msitu umeshaimeza, lakini mingazi inabaki kusimama pale pale. Nikamwambia kwetu tunasema ukiona vyaelea vimeundwa. Akaudaka ule msemo, na kuanzia siku ile akawa anautumia mbele yangu kana kwamba ni yeye aliyenifundisha.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana siwezi kumweleza Mwalimu nikajiruka mimi.

Yule wakala wa Uccle alinitafuta pembeni, bila kumpitia Mwalimu. Alikuwa akichapisha kijitabu kipya cha safari zake na alitaka maneno ya jalada yawepo kwa Kiswahili pia, kwa ajili ya kunogesha. Kifaransa chake kilisema ni msitu bikira. Nikaona bikira itachekesha watu, nikakaa mezani na chai yangu nikaipamba: Msitu usioguswa na mkono wa mtu. Nilijiona mshairi. Nilimsomea mume wangu, akasifu. Wakala akaniletea chupa ya mvinyo kwa shukrani, tukainywa na majirani. Picha ya jalada sikuonyeshwa, na sikuiulizia.

Aliyekileta kile kijitabu darasani ni bibi wa Uccle, maana wakati huo ndipo alipokuwa amejiandikisha kwenda kule msituni kwa mara ya kwanza. Akampa Mwalimu kwa furaha. Mwalimu akapangusa miwani kwa ncha ya kitenge, akatazama. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka juu: mto unapinda, mwamba mweupe umelala kwenye kona ya mto, nyumba sita za mbao, na nyuma yake, wazi kabisa, mingazi. Aliihesabu kwa kidole. Kisha akavuta kiti akakaa. Miaka minne nilikuwa naye na sikuwahi kumwona anakaa darasani.

“Hapa ni kwetu,” akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akaeleza kwa Kifaransa, polepole, kidole chake kikiwa juu ya ule mwamba. Hapo ndipo walipofulia nguo. Hapo ndipo palipokuwa kijiji chao. Vita vya miaka ya sitini vilipofika, watu walikimbilia barabarani, mwendo wa siku tatu. Waliopona hawakurudi, yeye akiwa mmoja wao. Halafu akashusha macho kwenye maandishi. Akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Akauliza ni nani aliyeandika Kiswahili kizuri namna hii.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema ni mimi, Mwalimu.

“Usioguswa na mukono wa muntu,” akarudia. “Alors, mama yangu hakukuwa na mukono.”

Hakupiga kelele. Ningemshukuru angepiga kelele. Aliwaambia wanafunzi waende nyumbani, akavaa koti, akaondoka. Jumamosi tatu zilizofuata alizungumza nami mambo ya kazi tu: chaki, ufunguo, nani hajafika. Hata Tanzania hakuniita. Nililia kwenye tramu mtu mzima mimi, abiria wakitazama madirishani. Nilijitetea moyoni kwamba ni tangazo tu, kwamba Kifaransa ndicho kilichoanza, kwamba sikuiona picha. Yote kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia. Nilikuwa nimewafuta watu kwa Kiswahili fasaha.

Jumamosi ya nne akanikuta nafuta ubao, akasema, “Tanzania, vaa manteau. Tunaenda Uccle.”

Nikavaa koti, tukapanda tramu ya 92, ile inayotoka Schaerbeek ikavuka mji mzima mpaka kwenye majumba yenye bustani. Njiani nilimwuliza anataka kudai nini, ile ardhi? Akaniuliza ardhi ataifanyia nini na magoti haya. Alitaka kitu kimoja tu, wasiseme kwamba pale hapakuwa na watu. Alisema amekubali vita vilimtoa, amekubali msitu umemeza nyumba, hata hao wazungu na vitanda vyao amewakubali, wacha walale, ni mahali pazuri pa kulala. Ila hawezi kukubali waliozikwa pale waambiwe hawakuwahi kuzaliwa.

Wakala alikuwa mwanamume kijana, mpole kwa namna ya kuudhi. Alitupa kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema inagusa sana moyo. Lakini wateja wake, alisema, wanachonunua ni hilo hasa, mahali ambapo hakuna mtu aliyekanyaga. Ukiwaambia palikuwa na kijiji wataona wamekwenda kulala shambani kwa watu. Halafu uso ukamwangaza, akapata wazo. Mwalimu aende bure. Avae kitenge, apike sombe, yaani kisamvu, wageni wakishakula awasimulie hadithi za mababu karibu na moto. Watampenda mno.

Nitasema ukweli, niliona ni bahati. Bure, mpaka kwao, baada ya zaidi ya miaka arobaini! Nikamgusa mguu chini ya meza. Mwalimu akaweka kikombe chini. Kifaransa alikijua kuliko mimi, lakini alinigeukia akasema kwa Kiswahili, ili yule kijana angoje.

“Umwambie nitaenda. Lakini nitaenda mugeni, sawa wageni wengine. Na valizi yangu itabebwa na mwingine.”

Nikatafsiri. Kijana akatabasamu, akasema bila shaka, kila mteja anakaribishwa. Kuhusu jalada, alisikitika, lilikwisha chapishwa. Ndipo na mimi nikapata ulimi. Nikamwambia maneno ya Kiswahili ni yangu na nayatoa. Akichapisha tena nitasimama nje ya ofisi yake na kumweleza kila mteja anayeingia yana maana gani. Sikujua kama sheria iko upande wangu, na sijui mpaka leo. Toleo lililofuata Kiswahili kiliondolewa, Kifaransa kikabaki. Nilimpelekea Mwalimu habari hiyo nikidhani atakasirika. Akasema uongo umebaki na lugha moja, ni mwanzo.

Watu walimshauri aachane na wanafunzi wa yule wakala. Alikataa. Aliuliza akiwaacha yeye nani atawafundisha, Tanzania huyu wa redio? Aliendelea nao, akaongeza somo moja ambalo halikuwemo kwenye mpango, somo la mingazi. Aliwafundisha swali moja la kumwuliza kiongozi wa matembezi wakifika: Mingazi hii ilipandwa na nani? Walilirudia mpaka likatoka bila kigugumizi. Basi kila kundi lililokwenda lilifika kule msituni na swali lilelile, na tulisikia kwamba viongozi wa matembezi walikuwa wakijikuna vichwa.

Alikwenda mwenyewe akiwa na miaka sitini na tisa. Alijilipia, jinsi gani sijui, na si mtu wa kuulizwa. Alikaa siku nne. Aliporudi aliniita kwake Anderlecht, ghorofa ya saba, akanichomea safu alizonunua Matonge, kwenye maduka ya Wakongo, akanisimulia kutwa nzima huku anaigiza kila mtu kwa sauti yake.

Alinisimulia jinsi walivyoshuka kwenye mtumbwi, yeye na Wabelgiji saba, na msimamizi wa zile nyumba za wageni akawapokea wote kwa maji ya matunda isipokuwa yeye. Alidhani ni mkalimani wao, akamwelekeza upande wa jikoni. Mwalimu hakwenda jikoni wala hakubishana. Alikaa kwenye kiti cha wageni, sanduku lake kando, akangoja. Msimamizi alipita mara tatu. Mara ya nne akauliza kama kuna tatizo. Akajibiwa hakuna tatizo, ni mgeni wa chumba cha tatu na ana kiu. Lile sanduku likabebwa, tena na watu wawili. Wapishi, wote watu wa barabarani kule walikokimbilia akina yeye, walichungulia dirishani kumwona mama mweusi anahudumiwa. Siku ya pili walikuwa wakigombea nani ampelekee chai.

Kiongozi wa matembezi alikuwa mwanamume wa makamo, baba wa familia, mpole. Asubuhi hiyo aliwatembeza wageni akaanza kukariri kama alivyofundishwa: hapa hakuna mtu aliyewahi kuishi. Mwalimu akampa heshima yake, akamwita baba, akamwomba asimame. Kisha akamwuliza lile swali la mingazi. Yule bwana akasema kila mara wageni wanamwuliza hilo na hajui wamelitoa wapi. Mwalimu akamwambia wamelitoa kwangu. Akatangulia yeye mbele, na fimbo yake, magoti mabovu na yote, akawaonyesha. Hapa palikuwa kwa mchonga mitumbwi. Hapa kwa mjane mwenye mbuzi. Hapa kwa katekista, ambaye alikuwa mlevi. Nyumba saba, kila moja na mwenyewe na jina lake na tabia yake. Wale Wabelgiji walipiga picha na kuandika. Akamfanya kiongozi azirudie zote kutoka mwanzo, mara tatu, pale pale mbele ya watu, kama anavyotufanya sisi na salamu. Aliponisimulia hayo alikuwa akipiga meza kwa kiganja, anacheka mpaka machozi. Sijamwona na furaha kama ile. Mimi nikafurahi naye, nikala safu zangu, wala sikukumbuka kumwuliza katika zile saba ipi ilikuwa yao.

Miaka mitano ikapita. Darasa lilifungwa, parokia ilitaka chumba chake. Sukari ikamwingia Mwalimu miguuni na daktari akampiga marufuku ndege. Nilikuwa nikienda kumwona kwa metro, laini ya tano, kila nilipopata nafasi, yaani si mara nyingi kama nilivyopaswa. Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza hapa ni Jumapili moja mchana. Nilimkuta yuko na bibi wa Uccle. Wamezeeka wote wawili, mmoja na fimbo, mwingine na kifaa cha masikio, wanazungumza Kiswahili, cha bibi kikiwa bado cha kusuasua, na kuteta kuhusu waendesha baiskeli.

Bibi alikuwa ametoka kule msituni wiki ile ile, safari yake ya pili, na alileta zawadi ndani ya simu. Alikuwa amemrekodi kiongozi wa matembezi. Akaiweka simu mezani tukasikiliza. Ndege wanalia, miguu ya watu inakanyaga majani, halafu sauti ya yule bwana, tulivu, haisomi popote: wageni, mingazi hii ilipandwa, hapa palikuwa na watu. Akaanza na mchonga mitumbwi. Akaenda na mjane wa mbuzi. Alipofika kwa katekista mlevi wageni wakacheka, na yeye akangoja. Akazimaliza zote, akasema nyumba saba, na rekodi ikakatika.

Nikasema Mwalimu, umeshinda. Kijitabu cha wakala bado kinasema bikira, lakini kila mtu anayeteremka kwenye ule mtumbwi anaambiwa ukweli na mtu wa palepale. Aliomba aisikie tena. Akaisikia tena. Mara ya tatu alikuwa anahesabu kwa vidole.

“Zilikuwa munane,” akasema.

Bibi akasema basi yule bwana amesahau moja, si vibaya kwa mtu asiyesoma kwenye karatasi. Mwalimu akatikisa kichwa. Hakusahau. Alipewa saba.

Akatueleza, macho yake yakiwa kwenye simu. Ile ya nane ilikuwa ya mama yake. Aliijua mara tu alipoona mingazi miwili iliyoegemeana. Na pale pale, baina ya ile miwili, wenye nyumba ya wageni wamejenga choo. Choo chao cha mbao kisichotumia maji, kile wanachojivunia, ukimaliza unamwagia unga wa mbao, na ukutani wamebandika karatasi ya kueleza faida zake kwa msitu. Alikuwa akitembea mbele, wazungu saba nyuma yake na kamera zao, mmoja wao akitoka chooni wakati huo huo anafunga mkanda.

“Nikaona haya,” akasema. “Nikapita. Tanzania, mie nilipita kwa mama sawa vile sikumujua.”

Akalia. Mwalimu niliyemjua miaka kumi na zaidi alilia kwa sauti, bila kujifunika uso. Nilimshika bega, akaniacha nimshike. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyemfuta mama yake kwanza, kwa maneno mazuri, lakini hiyo haikuwa zamu yangu. Baadaye akapenga kamasi, akavaa miwani, akauliza kama yule baba ana simu. Bibi akasema anayo, inapata mtandao anapokwenda mjini mwisho wa mwezi. Akamwonyesha namna ya kutuma ujumbe wa sauti; unabonyeza hapa, unashikilia. Mwalimu akabonyeza akaachia mapema, kwa hiyo bibi akashikilia yeye.

“Baba, ni mie, ule mama wa chumba ya tatu. Umesema muzuri sana. Lakini nyumba zilikuwa munane, ni mie nilikupa saba, nisamehe. Ya munane ni pale penye choo. Utasimamisha wageni pale pale, mbele ya mulango wa choo, usipite. Watacheka. Ungoje wamalize kucheka. Kiisha uwaambie pale palikuwa nyumba ya mama moja, mama ya kweli, mwenye mikono, yeye ndiye alipanda mingazi ile mbili. Na utataja jina yake.”

Bibi akadhani amemaliza, akataka kuinua kidole, na Mwalimu akamshika mkono asiinue. Alivuta pumzi. Alikaa sawasawa kwenye kiti.

“Basele,” akasema. “Urudilie nyuma yangu, baba. Basele.”

Bibi wa Uccle ndiye aliyerudia kwanza, halafu mimi.